Lincoln hakushuka kutoka mbinguni

Simulizi ni ileile kila mwaka: akatokea Abraham Lincoln, mzee mwenye ndevu, akashinda urais wa Marekani 1860, akawafungulia watumwa minyororo, kwisha. Jamani. Kwanza siku ya kura hata hizo ndevu hakuwa nazo. Pili, kazi ilishapigwa miaka 20 na watu ambao leo hakuna anayewataja.

Mwaka 1840 chama cha Liberty, cha wapinga utumwa, kilimsimamisha James Birney kugombea urais, aliyewahi kumiliki watumwa yeye mwenyewe. Akaambulia kura kama 7,000 nchi nzima. Mwaka 1844 zikawa 62,000, na matusi yakaanza: New York peke yake alipata zaidi ya 15,000, wakati Henry Clay, mgombea wa chama cha Whig, alishindwa na James Polk wa Democratic jimboni humo kwa kura 5,100 hivi, na urais ukamponyoka. "Mmegawa kura!" Haya, waligawa. Lakini Clay naye alikuwa na watumwa shambani, sasa walidaiwa nini?

Chama cha Free Soil kikaja 1848, kikapata kura 291,000 baada ya kulegeza masharti: utumwa ubaki ulipo, usivuke kwenda ardhi mpya za magharibi. Tusiwapambe. Wengine hawakuwa na huruma yoyote, hawakutaka tu kuwa na jirani Mweusi. Na kule Massachusetts, jimbo la kaskazini, viwanda vilinenepa kwa pamba ya watumwa; ile merikani iliyovaliwa hadi Unguja ilifumwa huko.

Mwaka 1854 seneta Stephen Douglas akapitisha sheria ya Kansas na Nebraska, akaufuta mpaka wa 1820 uliouzuia utumwa kupanda kaskazini. Chama cha Whig kikasambaratika, chama cha Republican kikazaliwa.

Sasa njooni kwenye hesabu, maana ndiyo isiyosimuliwa. Rais wa Marekani huamuliwa na kura za wajumbe, na kila jimbo lina idadi yake. Mwaka 1856 mgombea wao Frémont alipata kura 114 za wajumbe, zikihitajika 149. Kati ya majimbo yasiyo na watumwa alikosa Pennsylvania (27), Indiana (13), Illinois (11), New Jersey (7) na California (4). Jumlisha mwenyewe: ukiongeza Pennsylvania na New Jersey unafika 148, pungufu ya moja! Ukiongeza Pennsylvania na Illinois, 152, umeingia Ikulu. Kwa hiyo miaka minne iliyofuata swali lilikuwa moja tu: nani atatuletea Pennsylvania na jirani zake?

Ndiyo maana kwenye mkutano wa Republican wa kuteua mgombea, Chicago, Mei 1860, seneta William Seward wa New York aliongoza duru ya kwanza kwa kura 173½ dhidi ya 102 za Lincoln, na bado akaanguka. Wajumbe wa majimbo yale yale walisema wazi kwamba kwao Seward hauziki. Duru ya tatu Lincoln akafika 231½ zikihitajika 233. Wajumbe wanne wa Ohio wakageuka, shughuli ikaisha. Ilani nayo ilipikwa kwa kipimo hicho hicho: ushuru wa forodha kuwafurahisha wenye viwanda vya chuma Pennsylvania, ardhi ya bure kwa wakulima wa magharibi. Kuhusu utumwa majimboni ulikokuwepo, waliahidi kutougusa. Inauma, ndiyo. Ila Birney na usafi wake wote hakupata jimbo hata moja.

Kuna kitu kingine kinachosahaulika. Serikali haikuchapisha karatasi za kura. Kila chama kilichapisha zake na kuwagawia watu wake. Majimbo tisa ya Kusini hakuna aliyethubutu kugawa za Republican, na Lincoln alitoka huko na sifuri. South Carolina raia hawakupiga kura ya urais kabisa, bunge lao liliteua wajumbe.

Na wale wa "alishinda kwa sababu wapinzani waligawanyika"? Alipata kura 180 za wajumbe, zikihitajika 152. Wajumlishe wapinzani wote watatu kila jimbo: anapoteza California, Oregon na zile nne alizopata New Jersey. Anabaki na 169.

South Carolina nao walijua kuhesabu. Tarehe 20 Desemba, kabla hata hajaapishwa, walikuwa wameshajitoa Marekani.