Nyumba ndogo ya mbao ianze na umbo, sola baadaye

Wengi wanaotamani nyumba ndogo ya mbao isiyokula umeme huanza kuulizia paa: paneli ngapi, betri ya ukubwa gani. Mimi nasema hayo yasubiri, kwa sababu nyumba inayovuja hewa haishibi umeme.

Anza na ramani. Chukua nyumba ya mita za mraba 64. Ukijenga 8 kwa 8, kuta za nje zina urefu wa mita 32. Ukijenga 16 kwa 4, eneo ni lilelile lakini kuta zinafika mita 40. Hiyo ni robo nzima ya ziada, ya kununuliwa mbao, kupakwa rangi na kupitisha joto miaka yote utakayoishi humo. Na nyumba ndogo ndiyo huumia zaidi, maana kadiri nyumba inavyopungua ndivyo kuta na paa zinavyokuwa nyingi kwa nafasi iliyomo ndani. Zile kona za urembo ningezifuta bila huruma.

Kisha mianya. Mwaka 1991 huko Darmstadt, Ujerumani, zilikamilika nyumba za kwanza za Passivhaus, kiwango cha ujenzi wa nyumba zinazotumia nishati kidogo sana. Kiwango hicho kinataka nishati ya kupasha nyumba joto isizidi kilowati-saa 15 kwa mita ya mraba kwa mwaka, na hewa inayovuja isizidi mara 0.6 ya ujazo wa nyumba kwa saa, ikipimwa kwa shinikizo la paskali 50. Mbao inafikia hapo vizuri: hupitisha joto kidogo mno kuliko zege, na kati ya nguzo zake kuna nafasi ya kujaza vizuia joto kama pamba ya mawe au nyuzi za mbao. Kinachoharibu ni maungio. Tazama dirisha: kati ya fremu na ukuta hubaki upenyo wa kidole, fundi anaufunika kwa ubao mwembamba, kazi inaonekana safi. Sogeza mshumaa hapo siku ya upepo, utaona mwali unavyolala. Upenyo huo uzibwe kwa utepe maalumu kabla ya kufunikwa, na hewa safi iingie kwa njia uliyoipanga mwenyewe.

Kuhusu kudumu, hekalu la Horyu-ji la Japani ni la mbao na limesimama takriban miaka 1,300. Adui ni maji yaliyonaswa. Unyevu wa mbao ukizidi asilimia 20 na kukaa hivyo, kuvu hupata makao. Kwa hiyo upenu uwe mpana, ukuta uinuliwe kutoka ardhini, na nyuma ya mbao za nje iachwe nafasi ya hewa kupita. Ncha za ubao, pale msumeno ulipokata, hunywa maji kuliko ubavu wake. Zipakwe rangi kabla ubao haujapigiliwa, na fundi akisema hana muda wa hilo, tafuta mwingine.