Kivuli cha Samora

Wiki iliyopita nilikuwa na bahasha ya kupeleka Posta, na nilipofika Mnara wa Saa, katikati ya Dar es Salaam, nikaamua kwenda kwa mguu. Ilikuwa saa saba mchana. Kutoka hapo unaifuata Barabara ya Samora moja kwa moja, unaikata Barabara ya Morogoro yanapopita mabasi ya mwendokasi, unafika kwenye Sanamu ya Askari, unaendelea hadi upande wa Bustani ya Mimea na Makumbusho ya Taifa. Hata nusu saa haiishi. Nimeipita njia hii tangu nikiwa mdogo, mama kanishika mkono tukienda kununua viatu vya shule. Ila safari hii nilifika nimelowa jasho mpaka bahasha ikaanza kulegea, na ndipo nilipotambua kitu ambacho nimekuwa nikikiona bila kukitia maanani: Samora inakosa kivuli, na kivuli kinaondoka pamoja na majengo ya zamani.

Barabara hii ilizaliwa na kivuli. Wajerumani waliiita Unter den Akazien, yaani Chini ya Migunga. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916 hawakuhangaika kutafuta jina geni, wakaiita Acacia Avenue. Baada ya Uhuru ikawa Independence Avenue, kisha ikapewa jina la Samora Machel, na jina hilo linastahili kabisa: FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji alichokuja kukiongoza, iliasisiwa hapahapa Dar es Salaam mwaka 1962, na ofisi zake zilikuwa Mtaa wa Nkrumah, ng'ambo tu ya Mnara wa Saa. Sina ugomvi na jina. Ninachosema ni kwamba watu wa kwanza kuipa barabara hii jina walitazama juu, wakaona matawi.

Miti ilipopungua, kazi yake ilichukuliwa na vibaraza. Jengo la kizamani la Samora halikuishia ukutani. Ghorofa ya juu ilitokeza mbele, ikabebwa na nguzo, na chini yake mpita njia akawa na njia yake: mvua ikinyesha hulowi, jua likiwaka huungui. Yako machache yaliyobaki. Siku ile nilisimama chini ya kimojawapo, nikaegemea nguzo. Chokaa ilikuwa imebanduka kwa tabaka, rangi ya maziwa juu, kijani chini yake, halafu njano, halafu saruji yenyewe, ya baridi kama mtungi. Fundi viatu alikuwa ameketi kwenye kitako cha nguzo hiyohiyo, sindano na uzi wa nta mkononi. Kando yake muuza vitabu vya mitumba amepanga mali yake chini, migongo ya vitabu imetazama juu. Watu wanne walikuwa wamesimama bila kununua chochote, wanapumzika tu. Hatua ishirini mbele palikuwa na ghorofa jipya la vioo. Mbele yake hapakuwa na mtu hata mmoja, na joto lililorudi kutoka kwenye vile vioo lilinipiga usoni kama nimefunua sufuria.

Mfano unaoniuma zaidi ni Salamander. Watu wa mjini wa umri wangu wanalikumbuka lile jengo na mgahawa wake wenye meza za nje, kwenye kivuli, watu wakinywa chai huku wakitazama mji unavyopita. Likabomolewa. Mahali pake pana mnara wa kisasa unaoitwa Salamander vilevile. Jina limehamia ghorofani, kibaraza hakikuhama nalo.

Kwa nini jengo kama lile linaanguka kirahisi? Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Yaliyojengwa baada ya hapo hupata ulinzi endapo waziri atayatangaza rasmi. Sasa hesabu mwenyewe. Sultani Majid wa Zanzibar alianza kuujenga mji huu miaka ya 1860. Boma la Kale lenyewe, kule Sokoine Drive, ni la miaka hiyo. Kwa mstari huo wa 1863, karibu Dar es Salaam yote ni mtoto wa jana, na jengo la Samora la enzi ya Mwingereza halina pa kujifichia mpaka mtu alikumbuke na kulitia saini. Mstari uliofaa magofu ya kale ya Kilwa Kisiwani haujawahi kuutosha mji huu.

Nije kwa Askari, ambaye wazee wengine wa mjini humwita Bismini. Enzi za utawala wao Wajerumani walisimamisha pale sanamu ya Hermann von Wissmann, yule aliyeivunja vita ya Abushiri ya kuwapinga Wajerumani pwani. Chini ya miguu yake waliweka askari wa Kiafrika akimtazama bwana juu. Waingereza waliing'oa, na mwaka 1927 wakaweka hii tuliyonayo, iliyochongwa na James Alexander Stevenson: askari peke yake, bunduki mkononi, singe imeelekea bandarini. Bwana kaondoka, askari kabaki. Katika barabara nzima hakuna kitu kinachonigusa kama badiliko hilo, ingawa najua waliolifanya nao walikuwa wakoloni. Maandishi yaliyo chini yake hayawataji wapiganaji wa Vita vya Kwanza vya Dunia tu. Yanawakumbuka pia wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi, wale ambao kikosi chao kwa Kiingereza, Carrier Corps, ndicho kilichotuachia jina la Kariakoo. Walikufa kwa maelfu, wengi kwa maradhi na njaa.

Lakini nani anayasoma? Sanamu imesimama katikati ya mzunguko wa magari, juani. Nilivuka, nikaanza kusoma, na kabla sijamaliza nilikuwa natafuta pa kukimbilia. Mzee mmoja aliyekuwa na mjukuu wake alimwonyesha ile singe kwa kidole, akamwambia neno moja au mawili, wakavuka upesi kwenda upande wenye mti. Yule mtoto angeuliza mengi kama wangekuwa na mahali pa kusimama.

Kwa hiyo naomba mambo mawili, na nayaomba kwa moyo wote. Majengo ya Samora yenye vibaraza yaorodheshwe na kutangazwa yote kwa pamoja, kabla hatujaanza kulilia moja moja. Na anayejenga jipya aache njia yenye paa mbele, yenye nguzo au bila nguzo, kwa vioo au kwa zege, shauri yake. Hata wasanifu wa miaka ya 1950 na 1960, waliopenda zege kuliko kitu chochote, walituwekea vizuia jua na matofali ya matundu kwa sababu walijua wanajenga wapi.

Bahasha nilifikisha. Niliporudi saa kumi jua lilikuwa limehamia upande wa pili, na yule muuza vitabu alikuwa ameshavuta mali yake yote, rundo kwa rundo, akifuata ukingo wa kivuli hadi kwenye nguzo ya mwisho ya kibaraza. Baada ya nguzo hiyo pana uzio wa mabati wa eneo la ujenzi. Nilimuuliza kesho atahamia wapi wakimaliza na hapa. Akapangusa vumbi kwenye jalada la kitabu kwa kiganja, akanipa nikitazame.