Mti mzee ndiyo nyumba ya hondohondo

Ofisa mmoja amenukuliwa kwenye habari akisema kuvuna miti michache mikubwa hakudhuru wanyama kwa kuwa msitu unabaki kijani. Sikubaliani naye kabisa. Hondohondo ni ndege mwenye mdomo mkubwa; jike hutaga kwenye pango la mti mzee, akajiziba humo ndani kwa wiki kadhaa, akibakiza upenyo mwembamba tu ambao dume humlishia matunda. Mapango hayo yamo kwenye miti minene, ile ile inayotafutwa na wenye misumeno. Misitu ya milima ya Usambara Mashariki, Tanzania, ilivunwa mbao kibiashara hadi miaka ya 1980, na mapengo yaliyobaki yakavamiwa na Maesopsis, mti wa kuletwa. Kijani kipo, ndiyo. Jamani, kabla ya vibali vipya vya kuvuna, hesabuni na viota!