Kabla ya kusema karuho, toboeni kidole

Wiki hii kuna sauti inazunguka kwenye WhatsApp za kartye yetu hapa Kadutu, Bukavu. Mama mmoja, nusu analia, anatuonya tusiache watoto wapokee chakula mikononi mwa watu kwenye avenyu, kwa sababu "kuko mutoto tena bamemupa karuho, anakonda tu, maji anakunywa hashibe, usiku muzima iko anakojoa." Karuho, kwetu, ni sumu inayosemekana mtu hutiliwa kwenye chakula. Nilisikiliza mpaka mwisho, nikarudisha nyuma pale anapoongea habari ya maji. Anakunywa hashibi. Anakojoa usiku kucha. Anakula na bado anakonda. Mama yangu, ugonjwa huo umeueleza vizuri kuliko wanafunzi wengi wa udaktari. Kilichokushinda ni jina tu: kisukari.

Na si mara ya kwanza. Binti wa parsele ya jirani, mwenye miaka 13, alipitishwa njia hiyohiyo. Alianza kukonda, sketi ya shule ikawa inashikwa na pini. Wakampa dawa ya minyoo, halafu ya malaria, bila kupima chochote. Dawa zilipokataa, baraza la familia likakaa, na mtu akakumbuka kwamba binti alikunywa juisi kwa mama anayeuza maandazi pale kona. Basi, kesi imekwisha! Wakampeleka kwa munganga, mbuzi akatoka, kuku akatoka, binti akanyweshwa dawa ya kutapisha. Akatapika kitu cheusi, watu wakapiga vigelegele kwamba sumu imeonekana. Kesho yake alikuwa anahema kwa nguvu na hawezi kusimama. Wakasema ni sumu inayomalizikia kutoka. Ni mjomba wake, motari, dereva wa pikipiki, aliyemfunga mgongoni kwa kitenge usiku na kumkimbiza hospitali bila kumwuliza mtu.

Muuguzi aliinama, akanusa mdomo wake, akatoboa kidole. Mashine haikutoa namba. Iliandika HI, jambo ambalo mashine nyingi za aina hiyo hufanya sukari inapopita kama 600 (miligramu kwa desilita ya damu). Mtu mzima wa afya, asubuhi kabla ya kula, hafiki hata 110.

Sasa tuongee taratibu. Insulini, ile homoni ya kongosho inayoingiza sukari mwilini, ikikosekana, sukari inabaki kwenye damu, haiingii inakotakiwa. Ikipita 180 hivi, figo haziwezi tena kuizuia, inatoka na mkojo, na ikitoka inavuta maji. Ndiyo ile kiu. Mwili unalala njaa huku sukari imejaa, kwa hiyo unaanza kujila, mafuta na nyama. Ndiyo kule kukonda. Mafuta yakiyeyushwa kwa wingi namna hiyo yanaleta ketoni, asidi fulani, damu inachachuka, tumbo linauma, mtoto anatapika, anahema kwa kina, mdomo unanuka matunda yaliyoiva kupita kiasi. Kukonda, tumbo, kutapika, kuishiwa nguvu: niambieni ni alama gani ya karuho mliyofundishwa na bibi zenu ambayo haimo humo? Na dawa yetu sisi ni nini? Kutapisha. Mtoto ameshakauka, sisi tunamkamua tena.

Tone moja la damu na bandeleti moja, kile kipande cha kupimia kinachoingia kwenye mashine, vingetosha. Majibu yanakuja kabla hujamaliza kusalimia, na bei yake haifiki ya kuku, achilia mbali mbuzi. Kwa wanaopenda namba: 126 na zaidi kabla ya kula, ikipimwa siku mbili tofauti, au 200 na zaidi saa yoyote ukiwa na kiu na mkojo wa namna ile, ni kisukari. Na mtoto mwenye dalili hizo hasubiri vipimo vya siku mbili, anapelekwa leo.

Najua mtanijibu nini. Kwamba sumu ipo, watu wa hapa Bukavu wameuawa kwa chakula. Sawa, sibishani, sumu ipo. Kwamba munganga anakukaribisha, anakupa kiti, anakusikiliza saa nzima, anakubali mbuzi kwa mkopo, wakati hospitali wanakuuliza kosio, pesa ya kutanguliza, kabla ya kukuuliza jina, na ukipona bila kulipa unafungiwa humohumo. Hilo nalo, kwa shingo upande, nakubali. Ndiyo maana sina hasira nyingi na wazazi. Hasira yangu iko kwa wale wanaojua. Kuna wauguzi katika kartye hii, tunawajua, ambao mgonjwa akifika na tumbo wanamwambia kwa sauti ya chini, "hii si ya hapa, mumupeleke kwa wazee." Una mashine mezani, ndugu yangu! Pima kwanza, halafu umtume unakotaka.

Na yule mama wa maandazi? Walimvunjia meza. Watoto wake waliitwa wana wa mchawi mpaka akahamia Bagira. Binti alipotoka hospitali na jina la ugonjwa wake likajulikana, hakuna hata mmoja wa baraza lile la familia aliyepanda motari kwenda kumwomba msamaha. Karuho ina ladha hiyo, inatupa mtu wa kuchukia, na kisukari hakitupi. Kongosho limeacha kutengeneza insulini, basi, hakuna jirani wa kupiga mawe.

Halafu kuna ile ya "sukari ni ugonjwa wa wakubwa, wenye tumbo na bia ya Primus." Ndiyo, tumbo na Primus vina kesi yao ya kujibu, na bonge la bugali jioni pia. Lakini wembamba nao wanaugua. Mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikubali kuiita aina ya tano ile inayowapata watu waliokonda, waliokosa chakula cha kutosha tangu utoto, ambayo Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikuwa limeiondoa kwenye orodha yake mwaka 1999. Sisi wa Kivu, ambao tumelea watoto wenye utapiamlo vita baada ya vita, tungekuwa wa mwisho kushangaa.

Kabla ya Januari 1922, mtoto wa aina hii alikufa, mwisho wa habari. Mwezi huo, Toronto, Leonard Thompson wa miaka 14 alichomwa insulini, wa kwanza kabisa, na akaishi miaka mingine 13. Binti wetu anachomwa vilevile leo. Umeme unakuja unapotaka, kwa hiyo chupa inakaa kwenye chungu cha udongo chenye mchanga uliolowa, na kwa baridi yetu ya mita 1,500 chupa iliyofunguliwa inavumilia kama wiki nne. Jirani mwenye frigo alijitolea kuihifadhi, akaiweka kule kwenye barafu, ikaganda, ikatupwa. Nia nzuri, insulini imekwenda. Siku sukari inashuka chini ya 70 anatetemeka, anatoka jasho, anaongea ovyo. Mara ya kwanza waliita wachungaji wa kutoa pepo. Nusu glasi ya Fanta ilimtoa pepo huyo kwa robo saa.

Mnadhani habari imeishia hapo? Jumapili nimemkuta shangazi yake mkubwa ameketi uani, anamwambia mama wa binti: "Hizi sindano ni za kutuliza tu, karuho ingali ndani. Sasa amenona, tuziache kidogo tuone." Tuziache kidogo tuone! Amenona kwa sababu ya sindano, shangazi. Akiziacha, ndani ya siku chache atakuwa anahema tena vile alivyohema usiku ule, na mjomba hayupo, amekwenda Uvira.

Jioni hii narudi pale. Nitaanza na shikamoo, kwa heshima ya umri wake. Yatakayofuata baada ya shikamoo sitayaandika hapa.