Sindano ya taya: inalegeza msuli, chanzo je?

Siku hizi, katika kliniki za Kilimani na Westlands jijini Nairobi, sindano ya Botox, iliyozoeleka kwa kuondoa makunyanzi, inauzwa pia kwa wanaoumwa na taya na wanaosaga meno usingizini. Wapo wanaoiona mkombozi, na wapo wanaosema ni biashara ya urembo iliyovaa koti la daktari.

Wanaoitetea wana hoja. Anayesaga meno kwa miaka huamka taya limekaza, panja zinauma, jino la nyuma lina ufa, na aliyelala naye hakupata usingizi kwa ile kelele. Mwambie aume huku umemwekea vidole mashavuni, utasikia msuli wa kutafunia ukituna. Sindano huzuia neva kutoa asetilikolini, kemikali inayouamuru msuli ujikaze. Nafuu huanza baada ya siku chache, na hudumu kama miezi 3 hadi 4. Kwa mtu aliyekwisha kutafuna vikinga-meno viwili vya usiku hadi vikatoboka, hiyo si nafuu ya kubeza.

Lakini amri ya kusaga haitoki shavuni, inatoka kwenye ubongo. Tafiti zilizopima misuli ya waliolala zimeonyesha kuwa nguvu ya kuuma hupungua, ila vipindi vya kusaga havipungui sana. Ni kama kupunguza sauti ya redio: stesheni bado iko hewani. Msongo wa mawazo, pombe, kahawa ya jioni, baadhi ya dawa za mfadhaiko, hata kukoroma kwa pumzi kukatika, vyote huhusishwa na kusaga. Tuongeze miraa na muguka. Mtu anatafuna kuanzia alasiri hadi usiku wa manane, tena kitu chenyewe kinachangamsha ubongo, halafu anashangaa taya kuuma. Huyo umdunge mara ngapi?

Isitoshe, si kila taya linaloumwa lina tatizo la msuli. Kama kisahani cha ndani ya kiungo kimehama, au kiungo chenyewe kina baridi yabisi, kulegeza msuli hakurekebishi kilichoharibika ndani. Hapo ndipo wengi hupotezewa pesa.

Marekani iliidhinisha dawa hii mwaka 1989 kwa makengeza na kope zinazojikaza, ikaongeza makunyanzi ya katikati ya nyusi mwaka 2002 na kipandauso sugu mwaka 2010. Maumivu ya taya na kusaga meno hayamo. Kuitumia nje ya idhini si kosa, madaktari hufanya hivyo kwa dawa nyingi, ila mgonjwa aambiwe kabla ya kulipa. Mwaka 2023, mwongozo uliochapishwa na jarida la BMJ la Uingereza kuhusu maumivu sugu ya taya uliweka mbele mazoezi ya taya yanayosimamiwa, kukandwa kwa misuli na tiba ya kisaikolojia. Sindano hii ikawekwa kwenye kundi la zisizopendekezwa, ingawa si kwa katazo kali. Kwa haki, hata kikinga-meno kiliwekwa kundi hilo hilo. Kinalinda meno yasiliwe. Kutuliza maumivu ni habari nyingine.

Madhara yapo. Nyama choma inaweza kuwa kazi ngumu kwa wiki kadhaa, na dawa ikisambaa pasipotakiwa tabasamu huenda upande. Msuli uliolegezwa mara kwa mara husinyaa na uso kuwa mwembamba, jambo ambalo wengine hulifuata makusudi, na nadhani hapo ndipo tiba na urembo vimechanganyikana. Majaribio kwa wanyama yameonyesha mfupa wa taya kupungua. Kwa binadamu matokeo bado yanapingana.

Mimi naiweka sindano mwisho wa foleni. Aliyechunguzwa usingizi na dawa anazotumia, akafanya mazoezi kwa miezi kadhaa, na bado msuli unamtesa, simkatazi. Ila atajiwe jina la dawa na idadi ya uniti, yaani kipimo cha dozi, kwani uniti ya Botox si sawa na uniti ya Dysport, dawa ya jamii hiyo hiyo, na aone chupa ikitolewa kwenye friji. Jina la anayemdunga alitafute kwanza kwenye tovuti ya baraza linalosajili madaktari na madaktari wa meno. Asipolipata, aondoke na pesa zake.