Mm..Food si mzaha wa vyakula tu

Eti Mm..Food ya 2004, albamu ya pili ya rapa aliyoitoa kwa jina la MF DOOM, ni mzaha wa vyakula tu? Mwandishi aliyedai hivyo ameishia kwenye majina ya nyimbo. Wimbo wa kwanza waufananisha ugomvi wa marapa na nyama ya kukaanga inayopandisha presha, na unataja hadi mama kuletewa maua ya msiba. Mwengine wawacheka wanaojisifia uhalifu kwenye maikrofoni, yaani wanawapa polisi ushahidi bure! Kwetu Mombasa, ambako taarab humsema mtu hadharani bila kumtaja, mafumbo hayo si mageni. Barakoa ya chuma ya DOOM isiwahadae. Wapenzi wa taarab mliomsikiliza, mwaonaje?