Git si GitHub

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, intaneti ikadorora Afrika Mashariki. Mwenye Git, programu inayotunza historia ya faili za mradi, kwenye laptopu yake bado aliweza karibu kila kitu: kuhifadhi toleo jipya la programu, kuchungulia la mwezi uliopita, kufungua tawi la kujaribia wazo. Kilichomshinda ni kuwapelekea wenzake tu. Wanaoanza wengi hawalijui hili. Wamefundishwa tovuti kabla ya chombo, wakadhani kazi yao inaishi GitHub, tovuti ya kuweka miradi ya Git na kushirikiana.

Mifumo kama Subversion huweka historia yote kwenye seva moja. Wewe unapewa ukurasa wa leo. Git, aliyoianzisha Linus Torvalds, muasisi wa mfumo endeshi wa Linux, Aprili 2005, humpa kila mshiriki daftari zima.

Lakini hoja yenye uzito kwangu si intaneti, ni uaminifu. Agosti 2011 iligundulika kwamba wadukuzi wameingia kwenye seva za kernel.org, makao ya Linux. Kama historia ingekuwa hapo peke yake, nani angejua mstari upi umechezewa? Katika Git kila toleo lina alama ya herufi na tarakimu 40, inayokokotolewa kutokana na yaliyomo pamoja na alama ya toleo lililotangulia. Gusa mstari mmoja wa mwaka juzi, alama zote zinazofuata zinabadilika, na maelfu ya watu walikuwa na nakala za kulinganishia. Septemba Torvalds akahamia GitHub kwa muda, kazi ikaendelea. Mwizi aliingia nyumbani akakuta kila jirani ana orodha ya vyombo.

Wanaopendelea seva moja hawasemi ovyo. Amri za Git zinachanganya, na faili kubwa za picha na video huilemea, maana anayenakili hubeba na matoleo ya zamani. Ndiyo maana studio nyingi za michezo ya kompyuta zimeshikamana na Perforce, mfumo wa seva moja. Tena Machi 2013 mradi wa KDE, unaotengeneza programu huria kwa kutumia Git, ulinusurika kupoteza repo (hazina za Git) 1,500 hivi: seva za akiba ziliiga kila kitu kutoka seva kuu, uharibifu ukiwemo. Ila hapo naona walirudisha seva moja kwa mlango wa nyuma; kilichowaokoa ni seva iliyokuwa bado haijaiga.

Anayeanza nitamwambia azime data kwanza, afungue folda, aandike `git init`, amri ya kuanzisha historia ya folda hiyo. Akaunti ya GitHub ataifungua wiki ijayo.